Ziwa la Olbalbal

Mimi kukaa kitako siwezi, na wiki ile ya ramani nilizidi. Mwenye nyumba ya wageni hapa Karatu alikuwa amepata nakala ya ramani ya zamani, iliyochorwa na wazungu walioandika hata walichosikia tu kwa wapagazi. Alitaka nimwandikie pembeni majina ya leo ya maziwa na mito, aitundike mapokezi. Kwa kuwa niliwahi kufundisha jiografia, nikajiona naweza.

Ziwa Eyasi nililitambua ingawa walilipinda kama muhogo. Mto wa Mang'ola waliupeleka kusikoelekea maji. Kila nikisahihisha kitu nilisimama, nikazunguka meza, nikarudi. Lililonikera hasa ni ziwa moja lisilo na jina, chini ya milima ya kreta, palepale Olbalbal. Olbalbal ninayoijua ni vumbi. Watu huswaga ng'ombe kutwa nzima wakitafuta maji. Nikaandika kwa penseli: "Halipo."

Siku hizo mama mkwe alikuwa kwetu akitibiwa mguu. Yeye ni Mmasai wa hukohuko. Tangu niolewe nilisikia kwamba binti yake wa kwanza alikufa maji Olbalbal, na kwamba ukoo haukusadiki. Mtu atakufaje maji penye kiu? Walisema mama mtu alimtelekeza mtoto njiani. Nami, niseme ukweli, niliwasadiki, ndiyo maana sikuwahi kumwachia wanangu hata saa moja.

Aliniuliza kinachonizungusha ni nini. Nikamweleza, kwa kejeli kidogo, kwamba mzungu ameota ziwa kwao. Hakucheka. Aliuliza mzungu huyo alipita msimu gani, nikasema sijui. Akasema mvua ikizidi, maji ya korongo la Oldupai humwagika pale yakatuama kwa miezi, kisha hukauka na watu wakasahau.

"Nionyeshe lilipo," alisema.

Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya ziwa. Kilitua juu ya neno langu. Hajui kusoma, na ningeweza kunyamaza.

"Hapa umeandika nini?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba naona haya. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba miaka yote hiyo alidhani mimi, niliyesoma, ningekuwa wa kwanza kumuuliza maji yale yalitoka wapi.