Ujumbe kwa Riziki Uliosomwa na Wakulima Wote wa Mwani

Mtanicheka, najua, lakini mimi hata leo nikilikumbuka jambo hili viganja vinanitoka jasho. Mimi ni karani wa kikundi chetu cha akina mama wakulima wa mwani hapa Kibuyuni, na mwenyekiti wetu ni Bi Mwanamvua, ambaye pia ni mama mkwe wangu (yaani mkubwa wangu kazini na nyumbani, nihurumieni).

Kompyuta ya kikundi ni kongwe, ukiifungulia ukurasa wenye picha inaganda, kwa hiyo shemeji yangu Bakari akaniwekea programu ya kusomea makundi ya majadiliano, ile ya dirisha jeusi lisilo na picha wala kipanya, kila kitu unakiamuru kwa herufi. Akaniingiza kwenye kundi la wakulima wa mwani, walimo watu wa Pemba, wa Tanga, mpaka wanunuzi wenyewe.

"Shemeji, shika mbili tu," akaniambia. "R unamjibu aliyeandika peke yake, F unalijibu kundi zima. Usizichanganye."

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, niliona haya kumuuliza tena.

Kesho yake asubuhi nikamwona humo Riziki, shoga yangu wa Munje, anauliza mbona mwani wa safari hii una mchanga mwingi. Nikafurahi, nikaona nimnong'oneze. Nikaandika: "Shoga, wa kwetu ndio usiseme. Mama mkwe anauanika chini mchangani, hasikii la mtu, nami namwogopa kama pweza anavyomwogopa samaki mkunga." Nikabonyeza F.

Chini ya kioo pakatokea mstari mmoja: ujumbe umetumwa kwa kundi. Nikampigia Bakari, simu yake imezimwa (yuko kazini Diani), nikabonyeza hiki na kile, mwisho nikaandika neno FUTA kwa herufi kubwa, nikalituma. Nalo likaenda kwa kundi zima!

Basi watu wakaanza. "Futa nini, dada?" akauliza mmoja wa Tanga, na chini ya swali lake ule ujumbe wangu wote umenakiliwa, pweza na mkunga wake. Mwingine akaandika, "Pole na mkwe," naye akaunakili. Kufika adhuhuri majibu yalikuwa kumi na moja, na la kumi na moja lilitoka kwa wakala wa mnunuzi wetu: "Nakuja alasiri kuuona mwani huo."

Wallahi nilifikiri kuitumbukiza ile kompyuta baharini. Kila mlango ukigongwa naruka.

Alasiri wakala akafika kwenye banda la kikundi, akina mama wote wamekaa. Mama mkwe akanigeukia. "Karani, mgeni anasema kuna habari zetu humo kwenye kompyuta. Hebu tusomee."

Nikausoma mpaka kwenye neno mchangani, nikakomea hapo kana kwamba ujumbe umekwisha.

"Kuna kipande umekiruka," akasema wakala, bila ubaya wowote.

Nikakisoma. Mama mkwe akainuka taratibu, nikajua leo ndiyo leo. Akanipita, akaenda kwenye marundo, akachota mwani mkono mmoja, akaukung'uta. Mchanga ukamwagika mbele ya watu wote.

"Mchanga upo kweli," akasema. Kisha akanitazama. "Lakini wewe, mwanangu, umeona ni rahisi kumwambia mtu wa Pemba kuliko kuniambia mimi ninayelala nawe nyumba moja?"

Nililia pale pale. Wakala akakataa kuuchukua mzigo ule mpaka usafishwe, na tukashinda siku nyingi tukiuosha upya na kufunga vichanja vya kuanikia.

Siku hizi, kabla sijabonyeza herufi yoyote, nausoma kwanza kwa sauti mstari wa chini unaoonyesha ujumbe unakwenda kwa nani. Na likiwa ni jambo la mama mkwe siliandiki kabisa: namfuata jikoni, namwambia, "Shikamoo mama, nina neno."