Alama za Chaki kwenye Mlango wa Jecinta

"Na wewe je, Kukhu? Wewe unaulizwa na nani?"

Ayuma alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Alikuwa ameshika pindo la koti la bluu la nyanya yake, wamesimama kati ya mlango wa Mzee Ng'ang'a na mlango unaofuata, pale Shauri Moyo, na nyundo za mafundi wa mabati zilikuwa zikigonga upande wa soko la Gikomba kana kwamba zinashindana. Nangila alicheka kidogo, akapandisha begi begani.

"Wee mtoto, tembea bwana. Bado nyumba tisa."

Akabisha hodi mlango uliofuata. Ayuma alikuwa mtoto wa maswali, na mengi aliyasahau kabla ya chai ya saa kumi. Hilo lilimkaa.

Kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi ya Nangila. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, na kwa watu wote waliopita miaka sitini alibeba fomu ya watafiti wa mambo ya kumbukumbu. Anakaa na mzee, anamtajia maneno matano: ndoo, kengele, shangazi, chumvi, daraja. Kisha wanazungumza mambo mengine, bei ya sukuma wiki, magoti, wajukuu. Baadaye anarudi: "Haya, yale maneno yangu matano yako wapi?" Akimaliza anachora alama ya vema kwa chaki juu ya kizingiti, ili asirudi nyumba ile ile mara mbili.

Hakuna aliyemtuma kuingia kazi hiyo. Alikuja Nairobi bibi arusi mdogo kutoka upande wa Webuye, akamfuata mumewe, Kweyu, aliyepakia sabuni kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Yeye akauza nguo za watoto Gikomba miaka thelathini. Katikati ya miaka hiyo waliletewa mama yake Kweyu kutoka kijijini, ambaye alikuwa ameanza kuwaita walio hai kwa majina ya waliokufa. Jirani mmoja akasema ni laana, mwingine akasema ni mambo ya ukoo. Kanisa likaomba. Mwishowe Kweyu akanunua kufuli, akawa anafunga mlango kwa nje wakienda kazini. Jioni moja Nangila alirudi akakuta rangi ya mlango imekwaruzwa kwa kucha, kwa ndani, mpaka mbao ikaonekana. Kweyu alishakufa, mama yake alishakufa, na mlango ule haujapakwa rangi mpaka leo. Ayuma amepitisha vidole pale mara nyingi. Ile mikwaruzo iko chini kuliko unavyodhani. Yule mama alikuwa amepiga magoti.

Kwa hiyo watafiti walipokuja kanisani kutafuta watu wa kutembea nyumba kwa nyumba, Nangila alisimama kabla hawajamaliza kusema.

Alikuwa mkali kwa kazi yake, tena mjanja. Siku moja aliingia kwa Mzee Ng'ang'a, fundi wa masanduku ya bati aliyestaafu, akamsalimia vizuri.

"Mzee, habari ya leo?"

"Ndoo, kengele, shangazi, chumvi, daraja," akajibu Mzee Ng'ang'a.

"Sijakuuliza bado!"

"Nimeona nikupunguzie kazi, daktari."

Nyuma ya pazia mkewe, Jecinta, alikuwa akicheka na kujiziba mdomo kwa leso. Ndipo mambo yakatoka. Laini nzima ya nyumba ilikuwa inafundishana! Aliyeulizwa asubuhi anampelekea jirani maneno mchana, kama watoto na mtihani. Hata wasichana waliruka kamba kwa hayo, ndoo-kengele-shangazi, na Ayuma alikuwa mmoja wao. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona ukianguka kwenye ile karatasi utaitwa mwendawazimu, na nani anataka jirani yake aitwe hivyo?

Nangila akafunika kalamu. "Basi leo karatasi ilale." Akachukua miwani ya mzee, kiberiti, kijiko, soksi na ufunguo, akavificha kimoja kimoja huku mzee akimtazama. Wakaongea kuhusu masanduku. Kisha akasema, "Haya, nionyeshe miwani yako iko wapi."

Mzee Ng'ang'a alitazama chumba chake kama aliyeingia kwa watu. Hakupata hata kimoja. Jecinta aliacha kucheka.

Wiki hiyo Nangila aliwasindikiza kliniki, akarudi akamfundisha Jecinta: usibishane naye kuhusu leo ni siku gani, huna cha kushinda hapo. Mpe mikono yake kazi. Akamletea ndoo ya misumari iliyopinda, na tangu hapo Mzee Ng'ang'a hukaa mlangoni kila asubuhi akiinyosha kwa nyundo ndogo. Usiku Jecinta anaipinda tena. Nangila akawaandikia watafiti pia: watu wamekariri, tengenezeni karatasi nyingine yenye maneno ambayo hata mimi siyajui.

Miaka ikaenda. Ayuma akafika kidato cha tatu.

Mabadiliko ya Kukhu aliyaona kwanza kwenye chaki. Alikuwa akitoka shule, akapita kwa Jecinta, na juu ya kizingiti kulikuwa na alama za vema saba. Saba! Mlango uliofuata haukuwa na hata moja. Jecinta alikuwa amepanda stuli na kitambaa chenye maji, anazifuta.

"Mama Jecinta, hizo ni za lini?"

"Za leo." Jecinta hakugeuka. "Jana zilikuwa nne."

"Na mbona hujatuambia?"

"Ningemwambia nani, mwanangu? Mambo haya si nyanya yako ndiye tulikuwa tunamwambia?"

Ayuma alienda nyumbani mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Mama yake, Millicent, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kushona kiwandani, ameloweka miguu kwenye karai.

"Kukhu wako amechoka tu. Ukifika miaka sabini utaona."

"Kwanza Kukhu yuko fiti kukushinda," akadakia Ryan, mdogo wake Ayuma. "Wewe hata Hesabu ulisahau mpaka ukapata kumi na mbili."

"Nyamaza, kichwa kama sufuria."

Nangila mwenyewe hakukaa. Hilo ndilo lililomtesa Ayuma zaidi, kwamba Kukhu hakukaa tena. Anavaa koti la bluu, anavua, anavaa. Anachungulia begi. Anasema bado nyumba tisa. Akitoka, Ayuma anatoka nyuma yake. Akiwa darasani, macho yako kwenye kitabu na masikio yako Shauri Moyo. Mwalimu akimwita mara ya pili anashtuka.

Jumanne moja alirudi akakuta koti halipo kwenye msumari. Akauliza kwa Jecinta, akauliza kanisani, akaingia Gikomba akipishana na mikokoteni, akiita mpaka wauza viatu wakaanza kumsaidia kuita. Hakuna. Saa kumi na moja simu ya Millicent ikalia. Soja, mlinzi wa geti fulani kwenye mtaa wa mbali wa Donholm, alikuwa na mama mzee mwenye koti la kazi, amebisha hodi nyumba kumi na sita za watu asiowajua. Kilichomshangaza soja ni kwamba kote walimfungulia. Wengine walimpa chai. Wazee watatu walikuwa wamejibu maneno matano. Lakini alipoulizwa anatoka wapi, alianza kulia, na soja akapiga namba ya watafiti iliyoandikwa kwenye beji, nao ndio waliompigia Millicent.

Aliyemleta nyumbani ni Kawsar, msichana wa Eastleigh aliyesimamia wahudumu wote wa ule utafiti. Alimkalisha Nangila kitini taratibu, akatoa fomu.

"Mama Nangila, nikuulize kidogo?"

"Uliza, mwanangu. Kazi ni kazi."

Nangila alijibu kila kitu. Maneno matano aliyasema kwa mpangilio, halafu akayasema kinyumenyume, halafu akamsahihisha Kawsar jinsi ya kushika kalamu asichafue kisanduku. Kawsar alijumlisha mara mbili.

"Amepata zote."

"Si nilisema!" Ryan akapiga makofi. Millicent akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Anaijua hiyo karatasi!" Ayuma alikuwa amesimama bila kujua. "Ameiuliza miaka minane! Hata mimi naijua. Hata Ryan anaijua! Muulize amekula nini mchana. Muulize leo alikuwa wapi!"

Nangila alimtazama mjukuu wake kwa jicho ambalo Ayuma hakuwa amewahi kuliona likielekezwa kwake.

Kawsar akatoa bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Ipo karatasi ya pili. Mama, ni wewe uliyeiomba kwa barua yako. Haijafunguliwa mtaa huu." Akaiweka mezani. "Kwa alama hizi za leo kliniki haitampokea. Kwa hii, ikionyesha ana shida, itampokea, na nyumba itafundishwa namna ya kuishi naye. Lakini simpimi mtu kwa nguvu."

"Basi nimekataa," akasema Nangila. "Mimi ndiye ninayeuliza hapa."

"Nitarudi Jumamosi, Mama."

Siku nne hizo zilikuwa ndefu. Millicent alizungumza kwa sauti ndogo kuhusu kazi, kwamba hawezi kuacha, na nani atabaki na mama mchana. Kisha, Alhamisi, akasema neno ambalo lilimtoa Ayuma jasho: labda tununue kufuli, ya muda tu. Nangila alikuwa pale mlangoni, mkono juu ya mbao, chini, penye mikwaruzo. Ayuma hakulala vizuri wala hakula vizuri. Kukhu alikuwa hamsemeshi.

Jumamosi Kawsar alikuja saa tatu, akakaa na bahasha yake. Nangila alivaa koti. Akakaa. Akasimama. Akachukua begi, akatoka. Millicent alitaka kumshika, Ayuma akasema, "Mwache, Mama, niko naye," akamfuata hatua tatu nyuma.

Nangila alienda moja kwa moja kwa Jecinta. Mzee Ng'ang'a alikuwa mlangoni na misumari yake, tik, tik, tik.

"Karibu, daktari," akasema mzee.

Nangila akamsalimia, akamuuliza hali, akatoa chaki, akainua mkono, akachora alama. Akashuka hatua mbili kuelekea mlango uliofuata, akasita, akafungua begi akatafuta kitu asichokipata. Akageuka, akarudi.

"Karibu, daktari," akasema mzee tena, kwa furaha ile ile.

Akamsalimia. Akamuuliza hali. Akatoa chaki, akainua mkono, na safari hii mkono ukabaki juu. Alama ilikuwa pale. Vumbi jeupe la chaki lilikuwa bado linaonekana kwenye vidole vyake. Akalitazama, akatazama kizingiti, akatazama vidole tena.

"Ayuma. Hii ni yangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu Jumanne. "Ni yako, Kukhu."

"Ya lini?"

Ayuma alitamani kudanganya, akashindwa. "Ya sasa hivi."

Nyundo ndogo ya Mzee Ng'ang'a ilikuwa imesimama. Kule Gikomba zile kubwa ziliendelea. Nangila alirudisha chaki kwenye begi, akalifunga zipu, akampa Ayuma abebe.

"Ulikuwa umeshika koti langu hapa hapa," akasema. "Mdogo hivi, na pua inatiririka. Ukaniuliza mimi naulizwa na nani."

"Unakumbuka?"

"Nilikusikia siku ile. Hakukuwa na mtu, mwanangu. Hakuna aliyekuwa ananiuliza. Nenda umwambie Kawsar afungue bahasha."