Kibuyu cha Samaki

Majani ya chai yakipigwa na mvua ya mawe hutoa harufu kali, mbichi, inayokaa puani siku nzima. Kwetu Kericho, miaka ya hamsini, harufu hiyo ilimaanisha kwamba kesho hakuna kuchuma. Wakubwa walisikitika. Mimi, binti wa miaka minane, nilifurahi kimoyomoyo, kwani siku kama hiyo baba alinipeleka bwawa la juu, kando ya msitu, kuvua samaki. Alijifunza kuvua na kula samaki kwa majirani zetu Waluo pale kambini kwa wachumaji. Mama hakutaka hata kusikia. Samaki aliwaita nyoka wa majini, na kama Wakipsigis wengi wa rika lake, hakuruhusu waingie nyumba yenye maziwa.

Julai moja tulikuta mawe bado yamelundikana ukingoni mwa bwawa, meupe, na baridi yake ilinitia ganzi vidoleni. Tulikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Baba akanasa samaki mmoja asiyezidi kiganja changu, akajisifu kama aliyeangusha nyati, kisha akaenda kunasua ndoana kwenye matete. Mimi mjuaji nikaogopa samaki ataoza njiani. Nikajaza mawe ya barafu kibuyuni, nikamtumbukiza samaki, nikafunika.

Baba aliporudi nikamwonyesha kwa maringo. Akaketi kwenye nyasi baridi.

"Chebet, hiyo kibuyu ni ya kogo yako."

Kogo ni bibi, mama yake mama, na alikuwa amefariki. Kibuyu kile alimpa mama siku ya kuolewa, na mama alikisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, unaoyapa maziwa ladha, kila kilipokuwa kitupu.

"Si tuoshe, baba?"

"Harufu ya samaki haitoki, mama."

Nyumbani mama alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. Alikipakata kibuyu, akikipangusa kwa pindo la leso, nami nikalia hadi kwikwi.

"Nani alikuambia uweke barafu?"

"Hakuna. Nilitaka isioze."

Midomo ikamcheza. "Huyu mtoto ana akili, ni vile tu hajui kuipeleka wapi." Akatoka, akakitundika kibuyu nje, chini ya upenu. "Sasa hiyo ni yenu na baba yako. Ndani haiingii."

Tangu hapo, kila mvua ya mawe ilipopiga chai, mama mwenyewe alikitungua na kutukabidhi kabla hatujaomba. Nilimpenda sana kwa hilo, na sikuwahi kumwambia.

Siku hizi nina friji, na samaki nanunua mjini Kericho nikitaka. Mama alifariki bila kumwonja hata mmoja. Kibuyu ninacho. Nimekitundika nje, chini ya upenu, ingawa hakuna tena wa kunikataza kukiingiza ndani.