Injini Iliyobaki Uani

Juzi nilipita mji mdogo wa Mpemba, nikaona mafundi wakishusha injini kwenye pikapu kuukuu. Harufu ya grisi na dizeli ilinirudisha nyumbani Hasamba, alasiri ile baba alipobadilisha injini ya gari lake.

Fundi alitoka Tunduma na injini ya mtumba, mpya kuliko gari lenyewe. Ile ya zamani waliing'oa kwa mnyororo uliofungwa kwenye mparachichi, wakailaza uani juu ya magunia ya kahawa. Hiyo nyingine ilipowashwa, ilinguruma taratibu hata kuku hawakushtuka.

"Sasa hata Lusaka nafika," baba alisema.

"Na kurudi?" mama aliuliza.

Baba alicheka tu. Nikamwuliza ile ya zamani tuipeleke wapi.

"Iacheni hapo, mwanangu. Nitaifuata."

Aliondoka wiki ileile. Sikuhuzunika, maana niliamini gari haliwezi kukaa mbali na injini yake ya kuzaliwa. Kila nilipotoka shule niliketi juu ya chuma kile cha baridi, nikasikiliza barabara. Wenzangu waliniita tukacheze, sikwenda. Baba hakurudi.

Siku hizi najua kwamba chuma hakimwiti mtu. Mama, nadhani, alilijua hilo tangu alasiri ile. Lakini kila mvua ilipoanza kudondoka, kabla hata ya kuanua nguo, alikimbia kwanza kuifunika ile injini kwa turubai.