Buti za Sajini Odongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa daktari mpya hapa Kampala, koti langu jeupe likiwa limenyooka kuliko akili yangu. Aliletwa Sajini Odongo, polisi mstaafu aliyeishi kambini Nsambya, macho ya manjano, mwili umekwisha. Picha ya siti-skani ilionyesha kichwa cha kongosho kimevimba. Nikamwita mkewe kando, nikamwambia ni saratani na mumewe hana muda mrefu.

Unajua mambo ya kambini yalivyo. Kusafirisha maiti hadi kaskazini, walikotoka wengi wao, ni shida, kwa hiyo mgonjwa wa kufa hupelekwa kwao angali hai. Kesho yake nilikuta wamefunga mizigo, na mzee amekwisha kumpa mdogo wake buti za gwaride alizozing'arisha miaka yote.

"Daktari, mimi iko tayari," aliniambia. "Weka sahihi, niende nyumbani."

Nilikuwa nimeshika kalamu wakati mwalimu wangu, Dakta Nalubega, alipoingia. Alikuwa mama mpole, lakini ulimi wake ulijua pa kuchoma. Picha hakuigusa. Alimpapasa mzee chini ya taya, pande zote mbili, akakuta vivimbe vigumu.

"Hii imekaa muda gani, Afande?"

"Kitambo, mama. Haiumi. Watu wanasema mimi nanenepa mashavu tu."

Akanigeukia. "Picha umeona. Mtu je, umeona?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemzika mtu ambaye sijamgusa.

Tulimtoa kipande kidogo cha nyama ya kongosho kwa sindano, na damu ikapelekwa kupimwa. Haikuwa saratani. Ulikuwa ugonjwa adimu: kinga ya mwili hulishambulia kongosho, nalo huvimba hadi ukadhani ni saratani. Wakati mwingine tezi za mate zilizo chini ya taya huvimba pia. Tulimpa vidonge vya steroidi vya kutuliza kinga hiyo, na baada ya wiki chache macho yalikuwa meupe, naye ameanza kulalamikia uji wa wodini.

Alipokuja kuaga nilimwomba msamaha. Akacheka.

"Nimesamehe, Daktari. Lakini buti yangu nitaomba namna gani? Ndugu yangu ameshavaa mpaka kanisani!"

Basi mwanangu, kesho unaanza kazi. Mshike mgonjwa kabla hujaiamini picha yake, na neno la kifo usilitamke mpaka kipimo cha nyama kirudi, maana ukishalitamka watu hufunga mizigo. Mungu akujalie mikono yenye subira, na wagonjwa wako waishi wakadai buti zao.