Barua Zisizokuwamo Gazetini

Mjomba wangu alikuwa fundi wa cherehani, na ndiye aliyenifundisha kusoma herufi za kizungu. Za Kiarabu nilizijua kutoka chuo cha Kurani, kama watoto wengi wa Likoni. Hizi nyingine alinifundisha kwa vipande vya gazeti, mimi nimekaa mkekani nashona kofia, yeye anakanyaga cherehani yake na kuniuliza, "Hii je? Na hii?" Hakuna aliyemtuma. Nafikiri alichoka kuwa peke yake nyumbani mwenye kusoma.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini sukari bado ilikuwa ya kupimiwa, na vijana waliokwenda kupigana Bama walikuwa wakirudi mmoja mmoja, na viatu vizito na maneno mapya. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri wanaume wa mtaa walikutana barazani kwetu, mjomba akawasomea gazeti la wiki. Baba alikuwa mkulima wa minazi na mihogo. Hakujua kusoma gazeti, lakini kwa kubisha hakuwa na mshindani. Mwingine asiyekosa alikuwa jirani yetu, Mkristo mwenye asili ya Rabai, mpakuzi wa mizigo bandarini. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno moja tu, wote wakaanza upya.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita macho ya mjomba yalipoingia ukungu. Ijumaa moja alilisogeza gazeti karibu, akalisogeza mbali, kisha akalikunja.

"Humu ndani yumo asomaye," akasema.

Wanaume walitazamana. Sauti ya msichana barazani? Baba ndiye aliyeamua. "Asome akiwa ndani," akasema. "Tutakalosikia ni gazeti, si yeye."

Basi nikakaa nyuma ya pazia la mlango, nikasoma. Majuma ya mwanzo nilisoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Halafu ikaja barua ya msomaji mmoja, mwanamume, akilalamika juu ya ngoma ya lelemama. Ati wanawake wa pwani wanapoteza siku zao kwa kujipanga na kujipamba, afadhali wakae majumbani. Barazani wakasema, "Kweli hiyo!" Mamangu alikuwa chumba cha pili, na kikundi chake kilikuwa kikijiandaa kwa arusi ya juma lile. Nikahisi uso unaniwaka.

"Na hapa chini yuko aliyemjibu," nikasema. Hapo chini hapakuwa na kitu ila tangazo la dawa ya mafua.

"Soma," baba akasema.

Nikasoma kutoka kichwani. "Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke. Wanaume wa kwetu wana mpira, wana ngoma ya beni, wana bao, wana baraza, na hatujawauliza wanapoteza nini. Sisi tukicheza siku moja, mji umeharibika. Na humo ngomani ndimo tunamopangana nani ataenda kumkanda mzazi asiye na ndugu, na nani atapika kwenye matanga."

Nikamsikia jirani yetu: "Huyu mama asema kweli."

"Asema kweli kwa ukali," baba akajibu. "Aliyemlea huyu hakulea mwana, kalea wakili."

Mjomba alikohoa kidogo, akaomba kahawa.

Tangu hapo kila Ijumaa waliuliza kama yule mwanamke kaandika tena. Nami nikaona raha, sitaficha. Juma hili aliandika kwamba wasichana nao wangependa kutazama mpira, juma lile kwamba wavulana wamejengewa shule na wasichana wameonyeshwa jiko. Juu ya siasa alisema kuwa mabwana wanaokaa katika baraza la serikali la kutunga sheria na kutusemea sisi watu wa pwani wangekuja kwanza watuulize tunataka nini. Barazani walibishana mpaka adhana ya magharibi. Mimi nyuma ya pazia, sindano mkononi, nikiwasikia wazee wenye mvi wakigombania maoni yangu.

Halafu nikaandika, yaani nikasoma, barua ya wapakuzi wa bandarini. Nilisema wanabeba mizigo ya dunia nzima na jioni hawana pa kulala. Jirani yetu alisimama.

"Nipe ukurasa huo, mwanangu. Nataka wenzangu wauone."

"Ah, mzee, nimeahidi kumpa mjomba akatie kielelezo cha kanzu," nikasema. Lilikuwa la kwanza lililonijia mdomoni.

"Haidhuru. Karani wetu hulinunua, nitamwomba lake."

Juma zima sikula vizuri.

Ijumaa iliyofuata alifika wa mwisho, akasalimia, hakukaa. Akasema pole pole, "Karani amelipekua gazeti lote. Barua ile haimo. Akatazama ya wiki za nyuma. Hazimo. Hata ile ya lelemama haimo."

"Njoo hapa," baba akaita.

"Abee, baba." Nikajifunika leso vizuri, nikatoka.

"Barua zile zilitoka wapi?"

"Kichwani mwangu, baba."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mjomba akasema, "Mimi nilijua. Macho yamekufa, masikio mazima."

"Ukanyamaza?" baba akamuuliza.

"Nilitaka kusikia atafika wapi."

Baba hakunipigia kelele. Alimgeukia jirani yetu, na huyo ndiye aliyenena nami. "Nilisimama mbele ya wenzangu nikawaambia gazeti limetutetea," akasema. "Wamenicheka siku tatu. Nisingeudhika hivi kama maneno yenyewe yangekuwa mabaya."

Nilimwomba radhi. Baba akasema nisisome tena. "Kuwa na maoni si kosa," akaniambia baadaye, tukiwa wawili. "Kosa lako ni kuyavika kanzu ya mtu mwingine ukawatembeza watu nayo."

Ijumaa kadhaa zikapita bila gazeti. Wanaume walikuja, wakanywa kahawa, wakazungumza mvua na mbuzi wa fulani, wakaondoka mapema. Mamangu alikuwa akinitazama tu. Siku moja tukikuna nazi akasema, "Mimi nilitambua siku ile ya kwanza. Habari za kumkanda mzazi angezijua mwanamke wa wapi, kwa maneno yangu mwenyewe?" Nikafikiri atacheka. Hakucheka. "Lakini jirani umemwaibisha. Hilo ni lako kulitengeneza."

Tukafuatana kwake, mama na mimi. Mkewe alitukaribisha, akatutilia chai. Nikamwambia mzee yule kuwa nataka kuandika barua ya kweli, iende posta ya kweli, lakini sitaandika mpaka anieleze mwenyewe. Nilikuwa nimewalaumu mabwana wakubwa kwa kutusemea bila kutuuliza, nami nilikuwa nimefanya yale yale juu ya mtu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Aliweka kikombe chini. "Kwanza," akasema, "pa kulala ninapo. Ndipo hapo ulipokaa."

Mkewe akacheka mpaka akajifuta macho, na hapo nikajua nimekwisha kusamehewa. Kisha mzee akanieleza. Kilichomuuma ni kusimama langoni mwa bandari alfajiri pamoja na mamia ya watu, asijue kama leo atachaguliwa au atarudishwa. Na msimamizi kijana asiyeota ndevu kumwita boi, yeye mwenye wajukuu. Nikaandika hayo, na mwishoni, kwa ridhaa yake, shauri langu kwamba wapakuzi wachague mmoja wao awasemee. Nilipomsomea alinisahihisha mahali pawili, nikasahihisha.

Nyumbani nikamwonyesha baba. Alinitaka nisome mara tatu. Asubuhi yake alivaa kanzu ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa, akapanda kivuko na barua ile mfukoni kuipeleka posta mwenyewe.

Tulingoja sana. Kila gazeti lilipokuja nililifungua kutoka nyuma, penye barua. Nilikuwa nimekata tamaa ilipotokea, imepunguzwa nusu, chini kabisa ya ukurasa: maneno ya mpakuzi mmoja, yameandikwa na Mwanamke wa Likoni. Jirani yetu alikuwa amekwisha kuiona kwa karani. Alikuja kwetu akikimbia, mtu wa makamo, shati wazi, akipiga hodi kabla hajafika. Ukurasa ule alitembea nao mpaka ukachanika kwenye mikunjo, mkewe akaushona kwa uzi.

Sijipi sifa nisiyostahili. Barua yangu haikumpandishia mtu mshahara. Wapakuzi wenyewe walikuja kugoma baadaye, wakasimama pamoja, na kidogo walichopata walikipata kwa miguu yao. Lakini walijua kuwa habari zao zinaweza kuandikwa, na wasichana watano wa mtaani walianza kuja kwetu mchana kujifunza herufi, baba akijifanya hawaoni, kisha siku moja akatununulia ubao.

Ijumaa ile barua ilipotoka, wanaume walijaa barazani. Baba akanirudishia gazeti, nikakaa nyuma ya pazia kama zamani. "Njoo usomee hapa mlangoni," baba akasema, "huko ndani giza." Nikasogea, nikasoma. Nilipomaliza, jirani yetu alinyamaza kwa mara ya kwanza, hakuongeza neno.

Baba ndiye aliyeongeza. "Pale mwisho," akasema, "uliposema wapakuzi wachague mmoja wao awasemee. Hapo umekosea. Mmoja atanunuliwa. Wachague watatu."

"Watatu watagombana, baba."

"Wagombane! Bora wagombane kuliko wauzwe."

"Na wakigombana, nani atasema na wakubwa wa bandari?"

Mjomba akasogeza kiti apate kusikia. Baba akaegemea mbele, akanyoosha kidole kama alivyowanyooshea wanaume wenzake miaka yote ile. "Sasa nisikilize," akasema, "nami nitakusikiliza." Tukabishana, mimi na yeye, mpaka kahawa ikapoa.