Mtani Alipotuamkia

Jirani yetu, fundi cherehani, hakuwahi kumpa mama shikamoo, ingawa mama alimzidi umri. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na baina yetu kuna utani wa tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe za ndovu kutoka huku Tabora hadi pwani na kulala njiani katika vijiji vya wazee wake. Kwa hiyo salamu yake ilikuwa matusi. Akishakalia cherehani barazani, mkabala na mlango wetu, humwita mama: "Wewe mpagazi, hujahama tu kwenye nyumba yangu?" Hoja yake ilikuwa kwamba babu yetu alilala kwao, akala, akanywa, akaondoka alfajiri bila kuaga, na nyumba yetu ndiyo fidia. Mama naye humjibu kwamba babu alikimbia kunguni.

Nilikua nikiyasikia hayo hadi nikayazoea kama adhana. Baba alipofariki, jirani alivaa kanzu ya marehemu, akaja kukaa katikati ya waombolezaji, akadai aletewe chai na asali yake ya Ipole aliyoiacha kabatini. Mama, ambaye hakuwa ameweka kitu kinywani tangu msiba uingie, alicheka hadi akaomba maji. Mtani haudhi wala haudhiki, ndiyo sheria yenyewe.

Kisha ikaja mvua ile. Maji yalishuka kutoka juu ya mtaa, yakaziparamia nyumba za tope, na kulipokucha tulikuta vitanda vya watu vimenasa kwenye uzio wa msikiti. Yalipofika kwetu yaligawanyika, mengine yakapita kwa jirani, mengine kwetu. Nyumba zote mbili zilibaki zimesimama, kuta zimelowa hadi kiunoni. Waliobomokewa walihamia madarasani kwenye shule ya msingi. Tangu siku hiyo wingu likijikusanya naanza kupandisha vyombo juu ya kabati.

Halmashauri ikatuletea afisa mipango miji, binti mdogo mwenye viatu vya mpira na kishikwambi kilichojaa picha zilizopigwa kutoka angani. Alitukusanya akatueleza kwamba hatutahamishwa, mtaa utapangwa upya. Maji yatafunguliwa mkondo mpana, na waliobomokewa watapewa viwanja kwenye mwinuko, humu humu mtaani. Mkondo utapita pale maji yalipopita zamani, kabla watu hawajajenga. Hautapitishwa kwa mnyonge kwa sababu tu hana wa kumsemea, alisema. Nilimpenda kwa maneno hayo, mpaka alipofika kwetu. Hapo vipimo vyake vilimgomea. Mkondo wa zamani ulipita ama kwa jirani ama kwetu, lakini ardhi ilikuwa imefukiwa na kusawazishwa mno. Akasema atarudi Jumamosi, na wenyeji wa zamani waje waonyeshe mbele ya mtaa mzima.

Ukipita kwa jirani, unaondoka na baraza na chumba cha cherehani. Ukipita kwetu, unaondoka na jiko. Mle jikoni ndimo mimi na mama tulimopikia vitumbua vya kuuza, na hatukuwa na kazi nyingine. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, ila hawakusema mkondo ukishajengewa jiko maji yafanye nini.

Jioni nilimuuliza mama. Alikuwa anaosha mchele wa kuloweka, akajibu bila kuinua macho kwamba palipo jiko palikuwa na korongo, baba akalifukia kwa kifusi na majivu kabla sijazaliwa. Nikamuuliza nani mwingine anajua. "Aliyemsaidia kubeba kifusi," alisema, akaelekeza kidevu upande wa pili wa njia.

Nilijipa moyo. Hata akisema, nani atamsikiliza? Mtaa mzima umemsikia miaka yote akidai nyumba yetu. Akinyoosha kidole jikoni kwetu, watacheka na kumwambia akae chini.

Asubuhi iliyofuata jirani aliinuka kwenye cherehani, akavua kofia. "Shikamoo, mama," alisema.

Mama alisimama na beseni mkononi. Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Jirani akauliza kama tumelala salama. Akauliza kama kuta zimekauka. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemwona mtu yule akiwa na adabu.

Ikawa hivyo kila siku. Mama alijaribu kumchokoza, akamwambia suruali anazoshona zinawafaa mbuzi. "Ni kweli, macho yamechoka, mama," alijibu. Mama akarudi ndani na mchana hakula. Mimi nikawa kichaa wa mashaka. Nikimwona jirani anaongea na mwenyekiti wa mtaa, nilijua tunauzwa. Nikimwona amenyamaza, nilijua tumeshauzwa. Vitumbua viliungua mbele ya macho yangu. Nilimsihi mama tumwendee tuzungumze naye kiutu uzima. Akasema hajui aanzie wapi, maana hawajawahi kusemezana bila kutukanana.

Jumamosi njia ilijaa watu. Waliotoka madarasani walisimama mbele na watoto wao mgongoni. Afisa akauliza nani anakumbuka. Jirani akatoka, amevaa shati lililopigwa pasi, akatembea hadi kwetu na kuweka kiganja kwenye ukuta wa jiko.

"Korongo lilikuwa hapa."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba Mzaramo bado anadai fidia ya babu. Mwenyekiti alijifuta machozi, akamweleza afisa kwamba hawa ni watani, asihangaike nao. Jirani hakucheka. Kiganja kilibaki ukutani, macho kwa mama. Hapo ndipo nilipozielewa shikamoo zake. Alikuwa akijaribu, kwa siku chache zile, kuwa mtu wa kuaminiwa, na alikuwa ameshindwa.

Afisa akamgeukia mama. "Ni utani, mama?"

Sijawahi kulitamani neno kama nilivyolitamani lile. Ndiyo, basi. Jiko lingesimama, mkondo ungepita barazani kwa jirani, na maji ya mwaka ujao yangetafuta yenyewe pa kupita na watu wa kubeba. Nilimshika mama mkono nikaubana kwa nguvu ili anielewe. Alinielewa. Akawatazama wale wenye watoto mgongoni, kisha akamtazama jirani.

"Leo hatanii," alisema.

Kicheko kikakatika. Afisa akapigilia kigingi kando ya mlango wa jiko, na mimi nikauachia mkono wa mama. Jirani akamsogelea, akafungua kinywa. Nikadhani sasa atamtukana, sasa yamekwisha, turudi tulivyokuwa. Mama pia alidhani hivyo, nilimwona amejiweka tayari kumjibu.

"Asante, mama," alisema jirani, akainamisha kichwa, akarudi kwake.

Mama alimsindikiza kwa macho mpaka alipofunga mlango.

"Heri angenitukana," aliniambia, akaingia jikoni kuanza kutoa vyombo.